Simirioti Bila S

Katika mwaka wa pili mhadhiri wetu wa uandishi alitupa kazi ya kuandika habari za mwanamichezo wa zamani kutoka nchi yoyote isipokuwa Burundi. Alikuwa na sababu yake. Alisema amechoka kusoma insha za mpira wa miguu ambazo wanafunzi wanazichukua redioni usiku na kuzileta darasani asubuhi. Basi mmoja akamchukua Pelé, wawili wakagombania Abebe Bikila, mwingine akamchukua Muhammad Ali kwa sababu aliwahi kupigana Kinshasa, na kwetu Kinshasa si mbali. Zamu yangu ilipofika nikasema: Esmée Simirioti, Mgiriki, bingwa wa tenisi wa wanawake, Athens, mwaka 1906. Darasa lilinyamaza, kisha mtu wa nyuma akauliza kama nimemtunga mimi.

Sikumtunga. Insha yangu ilirudi baada ya wiki mbili ikiwa na alama ya kuridhisha na duara moja jekundu katika ukurasa wa pili. Pembeni mhadhiri alikuwa ameandika: «Simirioti au Simiriotis? Chagua tahajia moja uishike.» Alikuwa ameona kwamba kwenye aya moja nimeandika jina hilo bila s, na mistari mitatu mbele nimeliandika lenye s. Alidhani ni uzembe. Insha hii ya leo nimeianza kama jibu la duara lile, ingawa njiani imenipeleka mahali ambapo sikukusudia kwenda.

Nieleze kwanza hayo majina. Katika mashindano yale ya Athens walikuwepo Simirioti wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume. Mwanamke ni Esmée, aliyeshinda mchezo wa mmoja mmoja. Mwanamume ni Georgios Simiriotis, aliyepata nafasi ya pili katika mchezo wa wawili wawili wa mchanganyiko, akicheza pamoja na Sophia Marinou. Kwa Wagiriki, jina la ukoo la mwanamume kwa kawaida huishia na s. Mwanamke akilibeba jina hilohilo, ile s huondoka. Wakati mwingine mwisho wa neno hubadilika kabisa: Marinos akiwa na binti, binti ni Marinou. Mwalimu wa Kigiriki angetuambia kwamba hilo ni umbo la umilikishi, yaani jina la mwanamke lina maana ya «wa Simiriotis», «wa Marinos». Mpaka leo ni hivyo. Maria Sakkari, aliyefika nusu fainali ya Roland Garros na ya US Open mwaka 2021, ni binti wa bwana Sakkaris, na mama yake, Angeliki Kanellopoulou, ambaye naye alikuwa mchezaji tenisi wa kulipwa, ametokana na ukoo wa kina Kanellopoulos.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda Ugiriki ili kulielewa jambo hilo. Asha binti Juma ni Asha wa Juma. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinaweka neno zima, «binti», nawe unaliona, ilhali Kigiriki kinaondoa herufi moja tu ya mwisho na anayesoma harakaharaka haoni kitu. Mhadhiri wangu aliona, akadhani ni kosa. Na Kiswahili chetu kilinizidishia taabu. Kwa Kifaransa ningeandika *elle* na jambo lingekwisha. Kwa Kiswahili niliandika «Simirioti alishinda, Simiriotis alishindwa», na ile «a-» ya mwanzo haisemi chochote kuhusu jinsia ya mtu. Ninaipenda sana tabia hiyo ya lugha yetu, lakini siku ile iliniponza.

Mimi mwenyewe sina jina la baba. Kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake siku yake, kutokana na mambo yaliyokuwepo alipozaliwa: furaha, msiba, ugomvi na jirani, shukrani kwa Mungu. Baba yangu ana jina lake, mimi langu, kaka yangu lake, na askari wa mpakani akishika pasi zetu tatu hataki kuamini kwamba tumetoka nyumba moja. Kwa hiyo nilipoanza kusoma orodha za wachezaji wa Athens nilifikiri wale wanawake walikuwa na majina yao wenyewe. Nilipojua kwamba kila jina la pili ni jina la mwanamume lililokatwa mkia, nilirudi mwanzo wa orodha nikaisoma upya.

Kwa nini nimchague Mgiriki, tena wa tenisi? Kuna mzee mmoja anayetunza uwanja wa tenisi karibu na nyumbani kwetu Bujumbura, uwanja wa udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi hukufuata mpaka kitandani. Alipokuwa mtoto, mji ukiitwa Usumbura na Wabelgiji wakitawala, kazi yake ilikuwa kuokota mipira. Mjini walikuwepo wafanyabiashara Wagiriki wenye maduka ya vitambaa na vyakula, na kanisa lao la Kiorthodoksi lipo mpaka leo. Mzee alinihadithia habari za mke wa mwenye duka mmoja, mama wa Kigiriki aliyekuwa akija jioni, joto likishapungua, akicheza kwa mkono wa kushoto na kuwafunga Wabelgiji mmoja baada ya mwingine. Akishinda alikuwa anawapa waokota mipira peremende. Akishindwa pia alikuwa anawapa, ila bila kuongea. «Binti yangu,» mzee aliniambia, «yule mama alisema kwao wanawake walicheza tenisi tangu zamani, na mmoja alipewa medali mbele ya mfalme.» Mzee hakulijua jina. Nililitafuta mimi, na nilipolipata sikuweza tena kuchagua mtu mwingine.

Sasa Athens. Tunajua wote kwamba Olimpiki za zama hizi zilianzia huko mwaka 1896. Zile za Paris mwaka 1900 na za St. Louis mwaka 1904 zilitiwa ndani ya maonyesho makubwa ya biashara, zikamezwa. Paris kuna wachezaji ambao walishindana bila kujua kwamba ni Olimpiki. Wagiriki walikuwa wakidai tangu mwanzo kwamba michezo ni yao na ibaki kwao. Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeianzisha, alitaka izunguke dunia. Suluhu ikawa kwamba michezo izunguke kila miaka minne, na katikati ya miaka hiyo Athens iandae yake. Wagiriki waliiita kwa jina lenye maana ya Olimpiki ya katikati. Ya kwanza ilifanyika mwaka 1906, kuanzia tarehe 22 Aprili mpaka tarehe 2 Mei, ingawa kwa Wagiriki wenyewe, waliokuwa bado wakifuata kalenda ya zamani, siku ya ufunguzi ilikuwa tarehe 9 Aprili. Walikuja wanamichezo zaidi ya 800 kutoka nchi zipatazo 20. Mfalme Georgios wa Kwanza alikuwepo, na wageni wake walikuwa mfalme na malkia wa Uingereza. Yule mama wa duka hakumdanganya mzee wangu.

Tenisi ilikuwa na klabu yake Athens tangu mwaka 1895, karibu na nguzo zilizobaki za hekalu la Zeus. Mwaka 1896 wanaume peke yao walicheza. Mwaka 1900, Paris, wanawake waliruhusiwa, na Mwingereza Charlotte Cooper, ambaye kwa jumla alishinda Wimbledon mara tano, akawa bingwa wa kwanza. Mwaka 1904, St. Louis, tenisi ya wanawake haikuwepo kabisa. Kwa hiyo wanawake walioingia uwanjani Athens mwaka 1906 walikuwa wa pili tu duniani kufanya hivyo chini ya jina la Olimpiki. Katika mmoja mmoja Esmée Simirioti alikuwa wa kwanza, Sophia Marinou wa pili, Euphrosine Paspati wa tatu. Wagiriki watatu. Katika mchanganyiko Wafaransa Marie na Max Décugis, mke na mume, walichukua dhahabu, Marinou na Georgios Simiriotis fedha, na Aspasia Matsa pamoja na Xenophon Kasdaglis shaba. Sophia Marinou ndiye aliyerudi nyumbani na medali mbili, na nakiri kwamba kwa siku kadhaa nilifikiria kumwandika yeye badala ya bingwa. Mtu anayeshika nafasi ya pili mara mbili katika wiki moja ana mambo mengi ya kuwaza usiku. Lakini nilikuwa nimeshalitaja jina la Simirioti mbele ya darasa.

Nilitaka kujua mwili wao ulikuwa unafanya nini pale. Mavazi ya wachezaji wanawake wa miaka ile tunayaona katika picha nyingi za Ulaya: sketi iliyofika kwenye vifundo vya miguu, blauzi ya mikono mirefu iliyofungwa mpaka shingoni, chini yake koseti ya kubana kiuno, kichwani kofia. Siku moja ya Jumapili nilivaa gauni refu la mama, lile la harusi za watu, nikajifunga kitambaa kiunoni kwa nguvu kadiri nilivyoweza kuvumilia, nikaenda uwanjani alfajiri kabla watu hawajafika. Mzee alinirushia mipira. Nilichojifunza ni hiki. Kuanzisha mpira inawezekana, lakini mkono haupandi mpaka juu, kwa hiyo unaupiga chini na mpira unakwenda polepole. Kukimbilia wavu haiwezekani, kwa sababu hatua ya tatu unakanyaga pindo. Ukitaka kukimbia ni lazima mkono mmoja ushike gauni, na hapo unabaki na mkono mmoja wa kila kitu kingine. Lililonishangaza ni pumzi. Kwa kiuno kilichobanwa unapumua kwa kifua tu, juujuu kama mbwa, na baada ya gemu nne niliona nyota. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba yule mama wa Kigiriki alikuwa anavaa sketi fupi nyeupe na Wabelgiji walikuwa wanamsema kwa hilo pia.

Tangu asubuhi ile siwezi kuusoma mstari wa «Simirioti, Ugiriki, wa kwanza» kama nilivyousoma mwanzoni. Aliyeshinda pale alikuwa na kazi ya kumshinda mtu wa upande wa pili wa wavu na nguo yake mwenyewe.

Hata hivyo sitaki kumlilia sana, maana katika mji uleule kuna mwanamke mwingine ambaye hakufika hata kwenye mstari. Mwaka 1896 Stamata Revithi, mama maskini mwenye mtoto mdogo, alitaka kukimbia marathoni pamoja na wanaume. Walimkatalia. Spyridon Louis akashinda, akawa shujaa wa taifa. Siku iliyofuata Revithi alianza kukimbia peke yake kutoka kijiji cha Marathon. Kabla hajaondoka aliwaomba wakubwa wa kijiji watie sahihi karatasi inayoonyesha saa aliyoanza, na alipofika Athens baada ya saa tano na nusu hivi, akaomba sahihi nyingine ya saa aliyomaliza. Hakuruhusiwa kuingia ndani ya uwanja ule wa marumaru. Huyu mwanamke alijua jambo ambalo mimi nilikuja kulijua kwa kuumia: kukimbia peke yake hakutoshi, shika karatasi.

Baada ya miaka 10 tu, mji uleule uliwaruhusu kina Simirioti, Marinou, Paspati na Matsa kucheza mbele ya watu na ukawapa medali. Wenzangu tuliposoma insha zetu darasani walisema haya ni maendeleo. Mimi nina shaka. Ninaona kwamba tenisi ilikuwa mchezo wa bustani, wa watu wenye nyumba kubwa, klabu na muda wa mchana. Binti wa ukoo unaojulikana akicheza pale, baba yake amekaa kivulini anakunywa chai na anatazama nani anatazama. Barabara ya Marathon haina kivuli wala baba. Kina Simirioti waliingia kwa mlango ambao Revithi asingeweza kuugusa, na mlango ule haukufunguliwa kwa ajili ya wanawake wote wa Ugiriki. Hao walisubiri mpaka mwaka 1952 ndipo wakapata haki kamili ya kupiga kura. Mwenzangu mmoja alinipinga vikali hapo. Alisema mlango ni mlango, aliyeingia kwanza huuacha wazi kidogo. Tulibishana mpaka tukafukuzwa maktaba. Sijabadili mawazo yangu, ila najua kwamba mimi mwenyewe nilijifunza tenisi kwa sababu nyumba yetu iko karibu na uwanja na mzee alinikopesha raketi, na kwamba msichana wa mlimani, mwenye miguu mizuri kuliko yangu, hajawahi kuuona wavu.

Coubertin, kwa upande wake, hakuwataka hata hawa wa bustani. Mwaka 1906 hakwenda Athens. Alikuwa ameitisha mkutano wake Paris kuhusu michezo na sanaa. Mwaka 1912 aliandika waziwazi kwamba Olimpiki ya wanawake haitekelezeki, haivutii, haipendezi machoni na haifai. Ninapomsoma huyu bwana, ambaye picha yake tuliwekewa katika kitabu cha shule akiwa na masharubu makubwa, najiuliza kama aliwahi kumtazama Charlotte Cooper akicheza katika mji wake mwenyewe.

Sasa nifike pale panaponiuma. Ile Olimpiki ya katikati haikurudi. Ya mwaka 1910 ilikuwa imepangwa, lakini Ugiriki iliingia katika misukosuko ya kijeshi na kisiasa, ikashindikana. Kwa kuwa ilifanyika mara moja tu, ikabaki kama mtoto asiye na ndugu. Ferenc Mező wa Hungaria alipoiomba Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iitambue rasmi, mwishoni mwa miaka ya 1940, iliundwa tume chini ya Avery Brundage, na tume ikakataa. Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Ukifungua orodha rasmi ya mabingwa wa tenisi wa wanawake utamwona Charlotte Cooper wa mwaka 1900, na baada yake moja kwa moja utawaona Waingereza wa London 1908, Dorothea Chambers wa uwanja wa wazi na Gwendoline Eastlake-Smith wa ukumbini. Kati ya Paris na London hakuna mtu. Macho yanaruka.

Utaniambia kwamba uamuzi ule uliwagusa wote, wanaume na wanawake. Ni kweli, na nimelipima hilo. Max Décugis alishinda dhahabu tatu Athens mwaka 1906: mmoja mmoja, wawili wawili pamoja na Maurice Germot, na mchanganyiko pamoja na mke wake. Zote tatu hazihesabiwi. Lakini Décugis alikuwa na fedha ya Paris ya mwaka 1900, na mwaka 1920 huko Antwerp alishinda dhahabu ya mchanganyiko akicheza na Suzanne Lenglen. Ubingwa wa Ufaransa aliuchukua mara nane. Ukimnyang'anya Athens bado ana kabati limejaa. Mke wake, Marie, dhahabu yake ilikuwa ile. Simirioti, dhahabu yake ilikuwa ile. Kalamu moja ilipita juu ya majina yote kwa usawa, lakini wengine ilikuta wana kurasa nyingi, wengine ilikuta wana mstari mmoja. Sidhani Brundage na wenzake walimfikiria mwanamke yeyote walipokaa mezani. Walikuwa wanajadili kama michezo ile ilifuata utaratibu, na jambo la utaratibu huwa linaonekana safi sana kwa watu ambao hawakuwepo uwanjani.

Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa uwanjani, si wa Athens, wa kwetu. Nilipokuwa sekondari yaliandaliwa mashindano ya tenisi ya vijana wa shule mbalimbali. Wasichana tulikuwa sita. Nilishinda michezo mitatu, fainali nikaicheza mchana, jua limewaka, dhidi ya msichana mrefu aliyenizidi nguvu na ambaye nilimshinda kwa kumrudishia mipira ya juu mpaka akakasirika. Mzee wangu wa uwanja ndiye aliyehesabu pointi. Nilipewa kikombe kidogo cha bati chenye mikono miwili, nikapigwa picha. Baba, ambaye hazungumzi sana, alikibeba mkononi njia nzima mpaka nyumbani na kila jirani aliyeuliza alijibiwa.

Baada ya mwezi ilikuja barua. Waandaaji walieleza kwamba kwa upande wa wavulana matokeo yamepelekwa, na waliofika fainali watajumuishwa katika kambi ya mazoezi. Kwa upande wa wasichana idadi ya washiriki haikutimia inayotakiwa, kwa hiyo michezo yao itahesabiwa kuwa ya kirafiki. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kwa Kifaransa, *amical*. Nililisoma mara nyingi. Msichana mrefu niliyekuwa nimemkasirisha kwa mipira ya juu, kumbe tulikuwa marafiki tu tunapumzika.

Hakuna aliyeniomba nirudishe kikombe. Hilo ndilo lililonichanganya. Kama wangekichukua ningejua nimenyang'anywa. Waliniachia, na kikombe kikabaki hakina habari ya kueleza. Baba alikiondoa sebuleni bila kusema neno. Mama, ambaye hapendi chombo kikae bure, alikipeleka mezani na kukitia vijiti vya meno. Mpaka leo viko humo. Nilicheza miezi michache zaidi, kisha nikaacha, nikasema nina mitihani. Nilirudi uwanjani baada ya miaka miwili, kwa ajili ya kuzungumza na mzee kuliko kwa ajili ya tenisi, na ndipo aliponihadithia habari za mama wa duka.

Medali ya Simirioti ilitolewa. Hadithi ya aina hii ikisimuliwa haraka, msikilizaji hudhani kwamba wanawake wale walidharauliwa papo hapo. Hapana. Mwaka 1906 hakuna aliyewaambia kwamba michezo haihesabiwi. Uwanja ulikuwa umejaa, mfalme alikuwepo, bendera zilikuwepo. Walirudi nyumbani wakiwa mabingwa. Kuhesabiwa ndiko kulikoondolewa, zaidi ya miaka 40 baadaye, katika chumba ambacho hawakualikwa, na kitu chenyewe wakaachiwa. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu niliinuka mezani nikaenda kunawa uso.

Nilipeleka jibu langu kwa mhadhiri. Nilimchorea jedwali dogo, Simiriotis upande mmoja, Simirioti upande mwingine, Marinos na Marinou, Sakkaris na Sakkari, na chini yake Juma na Asha binti Juma. Alilitazama kwa muda, akavua miwani. «Haya, mama,» alisema, «umenifundisha.» Alifuta duara lake kwa wino mweupe, akaniongezea alama mbili. Kisha akauliza kama mimi mwenyewe nacheza. Nikasema nilikuwa nacheza.

Alinipa fomu. Chuo kilikuwa kinakusanya majina ya timu ya tenisi na upande wa wasichana ulikuwa na majina mawili. Fomu ilikuwa na safu tatu: shindano, nafasi uliyoshika, limetambuliwa na nani. Nilikaa nayo siku nne. Safu ya kwanza na ya pili nilizijaza kwa wino. Kwa ile ya tatu nilikwenda uwanjani. Mzee alikuwa anamwagia udongo maji. Nilimweleza, naye akanawa mikono, akaifuta kwa suruali, akaomba kalamu. Aliandika jina lake polepole kwa herufi kubwa, na chini yake kwa Kiswahili chake cha Buyenzi akaongeza kwamba yeye alikuwepo na yeye ndiye aliyehesabu.

Fomu imerudishwa wiki iliyopita. Wanataka muhuri. Nimemwambia mama ahamishe vijiti vya meno kwenye glasi, maana nitakipeleka kikombe chenyewe ofisini wakakione, na mazoezi nimeshaanza, saa kumi na mbili kila asubuhi, kwa kaptura.